Njia ya Chinyimba

Oktoba iliyopita mtoto wa kaka yangu, aliyelowea Massachusetts, alinitumia picha za safari ya siku nne. Yeye na marafiki zake walizunguka Vermont na New Hampshire kwa gari, wakitazama majani ya miti yanavyogeuka mekundu na manjano kabla ya kupukutika. Alinieleza kwamba huko watu huipanga safari hiyo miezi mingi mapema: barabara ya kupita, pa kulala, hata wiki ambayo rangi zitakuwa zimekolea. Nikafurahi pamoja naye. Kisha akaandika, akiniita senge, yaani shangazi: "Senge, marafiki zangu wanataka kuja Agosti 2026 waone tohara yetu. Tupangie siku tatu, Bungoma hadi Kitale, na hoteli nzuri."

Neno "waone" limenikaa rohoni hadi leo.

Nchi yetu haina majira ya majani kupukutika. Agosti, mahindi ya Kitale yangali mabichi shambani, huko Bungoma wengine wameshaanza kuvuna, na mvua ya alasiri hushuka kutoka Mlima Elgon, ambao sisi Wabukusu twauita Masaba. Lakini msimu wa safari tunao. Huja Agosti ya kila mwaka wa shufwa, na mlio wake ni wa chinyimba, zile njuga za chuma ambazo omusinde, mvulana anayengoja kutahiriwa, huzigonga kwa bangili za chuma mikononi huku akicheza njiani.

Wageni wakimkuta barabarani, ushanga kifuani, filimbi zikilia, ndugu na binamu wakimwitikia nyuma, husema maneno mawili. Wa kwanza husema ni ngoma ya kitalii. Wa pili husema ni kijana anayezunguka kuomba kuku na pesa. Wote wawili wamekosea, na kosa lao linaniuma kwa sababu siku hizi hata watoto wetu wanalikariri.

Omusinde anapiga hodi. Anakwenda kwa miguu yake mwenyewe kumwambia kila jamaa: siku yangu imefika, njoo usimame nyuma yangu. Anayepewa habari hiyo hatoi sadaka. Anajifunga. Kuku anayetolewa leo, au mbuzi anayeahidiwa, ni neno kwamba mtoto huyu tunamjua ni wetu. Ndiyo maana ramani ya safari hii haichorwi kwa kilomita. Huchorwa usiku, wazazi wakikaa na wazee, wakihesabu: nani wa upande wa baba, nani wa upande wa mama, nani tuligombana naye na sasa tumpatanishe kwa mguu wa mtoto.

Agosti 1986, nikiwa na miaka kumi na miwili, nilimsindikiza kaka yangu, baba wa huyu aliyeniandikia. Tulitoka nyumbani karibu na Kimilili, tukapita Kamukuywa kuelekea Kitale, alikokuwa baba yetu mdogo kwenye shamba la makazi, ardhi iliyokuwa ya walowezi wazungu kabla ya uhuru. Wabukusu wengi walifika Trans Nzoia, eneo hilo la Kitale, kwanza kama vibarua wa mashamba hayo, na ukoo ukatawanyika. Chinyimba ndizo zilizoushona upya kila baada ya miaka miwili. Tulilala kwa baba mdogo, tukarudi, tukashuka Misikhu kwa senge, tukazunguka hadi Chwele kwa kuka, babu yetu. Miguu ilinivimba. Lakini nilirudi nikijua kwa majina watu ambao hadi siku ile walikuwa hadithi tu za jioni.

Boma moja tulilipita, la mzee wa ukoo wetu, karibu na Kiminini. Mvua ilikuwa kubwa, giza likaingia, tukasema atasikia kwa wengine. Alisikia, na hakuja. Miaka kumi na minne baadaye, kwenye mazishi ya baba, alisimama akasema: "Chinyimba za nyumba hii hazikulia kwangu." Hakuna aliyemjibu.

Safari ya mwisho ni kwa khocha, mjomba aliyezaliwa mama mmoja na mama, na hapo ndipo ningependa mgeni anyamaze asikilize. Khocha wetu alikuwa Sirisia. Alimpokea kaka kwa ukali, akamuuliza kama kweli ametumwa na moyo wake au na wenzake. Kisha fahali akachinjwa, na nyama ya kidari, luliki, akavishwa shingoni, nzito na yenye joto. Wazee wa kwetu hueleza kwamba khocha alikula ng'ombe wa mahari ya dada yake, basi leo anarudisha kwa mtoto wa dada. Nilimwona kaka akirudi nyumbani na nyama ile kifuani, na tangu hapo hakucheka tena hadi kesho yake. Mtu aliyevikwa deni la koo mbili anatembea hivyo.

Usiku ule busaa, pombe ya kienyeji, ilinywewa, nyimbo zikakesha. Kabla ya alfajiri wanaume walimpeleka mtoni, akapakwa tope mwili mzima, akarudishwa kwa njia nyingine, wimbo wa Sioyaye ukiimbwa. Akasimama uani bila kupepesa jicho. Kisu chenyewe ndicho kitu kifupi kuliko vyote, na ndicho wageni huja kukitafuta na kamera.

Wazee husimulia pia habari za Mango aliyeua joka na kutahiriwa, na makabila jirani yana yao; Wamasaaba wa Uganda, ndugu zetu wa ng'ambo ya mlima, hufungua msimu wao Mutoto, karibu na Mbale. Hayo yana wasimulizi wake.

Ninayoyalilia ni ya njiani. Sasa mvulana hupakiwa kwenye pikipiki, akashushwa mahali pawili patatu, akapigwa picha, akarudishwa. Jamaa wengine hualikwa kwa kundi la WhatsApp, na michango hutumwa kwa M-Pesa. Sishindani na hospitali. Mtoto akatwe kwa wembe safi na apewe dawa. Lakini daktari hawezi kumtembeza mtoto hadi Kiminini. Rika atapewa, moja kati ya yale manane yanayozunguka na kurudi baada ya karibu karne nzima. Ila rika bila njia ni jina tu.

Basi mwanangu, ratiba yako ni hii. Mtoto wako ana miaka kumi na mitatu. Mlete Julai, si Agosti. Marafiki zako waje wakitaka, lakini watembee nyuma yake na waitikie, na watalala wanapolala wasindikizaji, kwenye mikeka ya jamaa zetu. Khocha wa mtoto mtamfikia mwisho. Siku ya kwanza mtaanzia Kiminini; mzee yule amekwisha kufariki, lakini wanawe wapo. Mvua ikinyesha, mtaingia hivyo hivyo.