Kandambili Zinazogoma Kuyeyuka

Msomaji, huenda umesikia habari za Flipflopi, chombo cha tanga cha plastiki kilichoshushwa majini Lamu mwezi Septemba 2018. Fundi Ali Skanda na wenzake walikiunda kwa takriban tani 10 za takataka za plastiki, na mwaka 2019 kikasafiri hadi Unguja. Kimevishwa kandambili zipatazo 30,000, za kila rangi.

Hapo ndipo penye swali. Plastiki iliyeyushwa ikawa mbao, mataruma na mkuku. Kandambili zilikatwa tu, zikabandikwa juu. Kwa nini nazo zisiyeyushwe?

Jibu linatokana na ugunduzi wa mwaka 1839. Utomvu wa mpira uliokauka hulegea na kunata kukiwa na joto. Mmarekani Charles Goodyear aliona kwamba ukitiwa salfa na kupashwa moto, hukoma kunata. Ndani ya mpira mna nyuzi ndefu zisizoonekana kwa macho, na salfa huzifunga mafundo mithili ya wavu wa mvuvi. Wavu huo huvutika na kurudi, lakini hauwezi tena kuwa uji. Ukiutia motoni, huungua. (Usijaribu nyumbani, moshi wake ni sumu.) Kandambili nyingi za siku hizi ni povu la plastiki, si utomvu, lakini nalo hufungwa mafundo vivyo hivyo.

Upo mpira unaokubali kuyeyuka, na wataalamu wa Malaysia, nchi ya mashamba ya mipira, ni miongoni mwa walioushughulikia. Mpira asilia hukorogwa katika mashine yenye moto pamoja na polipropilini, plastiki ya vifuniko vingi vya chupa. Dawa ya kufunga mafundo hutiwa huku mashine ikizunguka kwa nguvu. Basi badala ya wavu mmoja mkubwa, mpira hukatikakatika ukawa chembe ndogo mno, kila moja na mafundo yake, zimetapakaa katika plastiki kama punje za mchele ndani ya uji. Chembe ndizo zinazonesa. Plastiki ndiyo inayoyeyuka. Kitu kikichakaa, husagwa na kufinyangwa upya.

Usitarajie tairi la gari, kwani joto hulegeza mpira huu. Lakini soli ya kiatu, kwa nini isiwezekane?

Tatizo ni zile zilizokwisha kutupwa. Mafundo yake yalifungwa kiwandani, na kuyafungua ni kazi ngumu. Miaka ya mwisho ya 1990, watu wa Kiwayu walizichonga vitu vya kuchezea. Skanda naye alizikata. Mpaka sasa, dawa yake ni kisu.