Jina la ukoo wako laweza kuficha siri ya babu zako

JE, msomaji, umewahi kujiuliza jina la ukoo wako lilitoka wapi na ni nani aliyelichagua? Wengi wetu huyapokea majina kama tunavyorithi sura, tukayatumia shuleni na kazini bila kuuliza lolote. Lakini kwa watu wengi wa Uhispania, Ureno na Amerika Kusini, jina limekuwa mlango wa siri ambayo babu na nyanya walikufa nayo: kwamba ukoo wao ulikuwa wa Kiyahudi.

Siri hiyo ina chanzo. Mwaka wa 1391 ghasia zilizuka katika miji mingi ya Uhispania, na Wayahudi wengi wakakubali kubatizwa ili waokoe maisha yao. Mwaka wa 1492 Mfalme Ferdinand na Malkia Isabella wakatoa amri: waliosalia wabatizwe au waihame nchi. Wengi walikimbilia Ureno, lakini huko nako walibatizwa kwa lazima mwaka wa 1497. Aliyeshukiwa kufuata dini ya zamani kisirisiri alishtakiwa mbele ya mahakama ya kanisa iliyoitwa Inkwizisheni, na adhabu yaweza kuwa kuchomwa moto.

Waliobatizwa walipewa majina mapya, aghalabu ya wasimamizi wao wa ubatizo, au majina ya kawaida kabisa kama vile Rodrigues, Lopes, Mendes na Nunes. Na hapo ndipo penye mtego. Utawasikia watu wakidai kwamba majina ya miti kama Oliveira (mzeituni) na Carvalho (mwaloni), au ya wanyama kama Coelho (sungura), ni ya Kiyahudi. La hasha! Wakristo wa tangu jadi waliyatumia majina hayo hayo.

Huhitaji kwenda mbali kupata ushahidi. Lichukue jina Pinto. Kuna koo mashuhuri za Wayahudi wa Amsterdam na Morocco zenye jina hilo. Hapa Kenya tunalijua kupitia Pio Gama Pinto, mpigania uhuru aliyeuawa Nairobi mwaka wa 1965, ambaye wazazi wake walitoka Goa. Wagoa wengi walipata majina ya Kireno pale mababu zao wa Kihindi walipobatizwa na Wareno. Jina ni lile lile, lakini njia zilizolifikisha ni mbalimbali.

Hata hivyo, kuna mahali ambapo jina lilisema yote, tena kwa ukatili. Katika kisiwa cha Mallorca, Uhispania, wazao wa Wayahudi waliobatizwa huitwa Chueta. Machi 1688 kundi lao lilipanda meli ya Kiingereza usiku ili litoroke, lakini bahari ilichafuka na wakarudi nchi kavu, wakakamatwa. Mwaka wa 1691 makumi yao walihukumiwa kifo. Watatu kati yao, Rafel Valls, Rafel Benet Tarongí na dada yake Caterina, walichomwa wakiwa hai.

Majina ya walioadhibiwa yalitundikwa kanisani ili yasisahaulike. Kwa hiyo koo 15, zikiwemo Aguiló, Forteza, Pomar, Segura na Valls, zikabaki na doa. Kwa zaidi ya karne mbili wengine walikataa kuoana nao, wakalazimika kuoana wenyewe kwa wenyewe, ingawa walikuwa Wakatoliki waliosali katika makanisa yale yale. Ni mwaka wa 2011 tu ambapo serikali ya visiwa hivyo ilifanya ibada ya kuwakumbuka waliouawa.

Huko Belmonte, Ureno, mambo yalikuwa kinyume. Majina yalikuwa ya Kireno kama ya jirani yeyote, ila mama walikuwa wakiwafundisha binti zao sala za siri. Mhandisi wa migodi kutoka Poland, Samuel Schwarz, alipowagundua mwaka wa 1917, hawakumwamini mpaka aliposali na kulitamka neno Adonai, yaani Bwana. Hilo ndilo neno la Kiebrania walilokuwa wamelihifadhi kwa miaka 400.

Basi mtu huitafutaje asili yake? Huanza na wazee: mishumaa iliyowashwa Ijumaa jioni, nyama ya nguruwe iliyoepukwa bila sababu kutajwa. Kisha huendea vitabu vya ubatizo na ndoa makanisani, akirudi nyuma kizazi kimoja kimoja. Mwisho hufika kwenye kumbukumbu za mahakama yenyewe, kama zile zilizohifadhiwa Torre do Tombo, Lisbon. Washtakiwa waliulizwa wawataje wazazi, babu na nyanya zao. Hivyo waliotaka kuufuta ukoo ndio waliouandika!

Kazi hii si ya kujifurahisha tu. Mwaka wa 2015 Uhispania ilifungua mlango kwa wazao wa waliofukuzwa kuomba uraia, mlango uliofungwa Oktoba 2019. Waliofanikiwa ni wale waliokuwa na hati na ushahidi. Jina peke yake halikutosha.

Ndugu msomaji, wahenga walisema mkataa kwao ni mtumwa. Lakini kuna waliokana kwao kwa kulazimishwa, panga likiwa shingoni. Keti na nyanya yako ungali naye, umuulize jina lenu lilitoka wapi. Na ukikutana na mtu, usiharakishe kumpima kwa jina lake. Watu wa Mallorca walifanya hivyo, na gharama yake waliilipa wasio na hatia.