Kidudu Kinachokula Plastiki

Fukia shambani jani la mgomba na mfuko wa plastiki. Miezi mingi ikipita, chimbua tena. Jani halionekani, limegeuka udongo mweusi. Lakini mfuko ungali pale pale. Kwa sababu gani?

Kuoza ni kuliwa. Udongoni mmejaa vidudu vidogo sana, visivyoonekana kwa macho, viitwavyo bakteria. Vidudu hivi, pamoja na kuvu, hula majani, miti na mizoga. Ndivyo shamba linavyopata rutuba. Lakini plastiki nyingi hutengenezwa na watu kwa mafuta yatokayo chini ya ardhi. Ndani yake imeungana kama mnyororo mrefu sana, na bakteria karibu wote hawawezi kuukata mnyororo huo.

Basi jua huidhoofisha plastiki, mawe huisaga, nayo huvunjika vipande vidogo vidogo. Mtu husema, "Imeoza." Sivyo! Imevunjika tu, kila chembe ni plastiki bado. Chembe zisizofika milimita 5 huitwa mikroplastiki. Mvua huzichukua mpaka mtoni na ziwani, na samaki huzimeza. Mwaka 2016 wataalamu walieleza kwamba wameziona matumboni mwa samaki wa Ziwa Viktoria, sangara na sato, walionunuliwa Mwanza.

Mwaka ule ule habari nyingine ilitoka Japani. Katika mji wa Sakai, mahali palipokusanywa chupa kuukuu za plastiki, wataalamu walichukua mafungu 250 ya udongo, matope na maji machafu. Walitafuta kidudu kinachokula plastiki ya chupa, wakakipata. Wakakiita Ideonella sakaiensis, kwa jina la mji ule.

Kidudu hiki hulaje, maana hakina meno? Hujishika kwenye plastiki, kisha hutoa maji yenye nguvu. Kama mate yako yanavyoanza kuyeyusha ugali mdomoni, ndivyo maji hayo yanavyokata mnyororo. Maji ya pili hukata tena vile vipande, mpaka viwe chakula chake.

Lakini kazi yake ni ya polepole. Utando mwembamba wa plastiki, uliowekwa katika joto la digri 30, uliliwa karibu wote kwa majuma 6. Chupa nzima ni ngumu zaidi. Tena mfuko wa sokoni ni plastiki ya namna nyingine, na kidudu hiki hakiwezi kuula.

Basi asiwepo wa kusema, "Nitupe tu, bakteria watakula." Jani likianguka njiani, walaji wake ni wengi. Mfuko ukianguka, hungoja mtu wa kuuokota.

Maswali
1. Kuoza ni nini?
2. Plastiki ikivunjika, je, imekwisha? Eleza.
3. Kidudu cha Sakai hukataje plastiki?
4. Kwa nini hakiwezi kusafisha njia zetu?