Mama Aliyepandikizwa Figo: Mimba Ije kwa Mpango

Mwezi huu tunazungumzia jambo ambalo familia nyingi hazilifikirii mapema. Mama ambaye figo zake zimeshindwa kazi, mara nyingi hedhi yake huvurugika au hukoma, na kushika mimba huwa vigumu. Yeye na mumewe huzoea kuamini kwamba habari ya watoto imekwisha. Lakini akishapandikizwa figo mambo hubadilika haraka. Katika miezi michache tu, pengine hata kabla ya kuona hedhi ya kwanza, anaweza kushika mimba.

Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kupandikiza figo mwaka 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, mwaka 2018. Wagonjwa wengine wametibiwa India. Kwa hiyo akina mama hawa tunaishi nao, na tunasali nao.

Je, wanaweza kuzaa?

Ndiyo. Mwaka 1956, huko Boston, Marekani, Edith Helm alipewa figo na pacha wake wa kufanana, na mwaka 1958 alijifungua salama. Lakini kwa kuwa figo ilitoka kwa pacha wa kufanana, mwili wake haukuikataa. Akina mama karibu wote wa leo hawana bahati hiyo. Wanapaswa kumeza kila siku dawa za kuzuia mwili usiikatae figo, na hapo ndipo penye hatari.

Dawa moja inayotumika sana ni mikofenoleti. Mama akishika mimba huku anaitumia, karibu nusu ya mimba huharibika. Kati ya watoto wanaozaliwa hai, karibu mmoja kwa kila wanne huwa na kasoro, kama vile za masikio, mdomo au moyo.

Kwa nini angoje?

Madaktari hushauri kungoja angalau mwaka mmoja baada ya upasuaji. Katika muda huo figo itulie, shinikizo la damu lishuke, na dawa zipungue hadi kiasi cha kawaida. Wakati wa kutafuta mtoto ukifika, daktari huondoa mikofenoleti wiki 6 au zaidi kabla ya kushika mimba, na mara nyingi huweka azathioprini mahali pake. Kisha huangalia kama figo imebaki salama.

Atangoje kwa njia gani?

Msimamo wa Kanisa tunaujua. Papa Paulo VI, katika waraka wa Humanae Vitae wa mwaka 1968, alikubali kwamba wazazi wanaweza kuwa na sababu nzito za kimwili za kuachanisha uzazi, na akawaelekeza kwenye siku zisizo na rutuba. Lakini tuseme ukweli: miezi ya kwanza mzunguko wa mama huyu hauna mpangilio, na kuhesabu kalenda hakutoshi. Wanaofuata njia ya asili wafundishwe na mwalimu mzoefu. Na maadamu mama anatumia mikofenoleti, kinga isiyo na shaka ni wawili hao kuacha kabisa tendo la ndoa kwa muda. Hilo haliwezekani bila mume kukubali kwa moyo.

Kliniki mama ataelezwa pia njia nyingine, na ni vema familia izielewe sawasawa. Vidonge vya majira vyenye homoni mbili vinaweza kupandisha shinikizo la damu na kugandisha damu, hivyo havimfai mama mwenye matatizo hayo. Sindano inaweza kudhoofisha mifupa, ambayo tayari hudhoofishwa na predinisoloni. Kitanzi zamani kiliogopwa kwa sababu ya maambukizo. Siku hizi madaktari hukikubali, pamoja na vijiti vya mkononi, kwa mama ambaye figo yake imetulia. Kondomu peke yake hushindwa mara nyingi zaidi.

Mambo ya kukumbuka

Kwanza, mke na mume wamwulize daktari kabla ya kutoka hospitali: mimba inaweza kuja lini, na dawa zipi zina hatari? Wasione haya.

Pili, hedhi ikichelewa, mama aende hospitali upesi akapimwe. Asiache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe, kwa maana figo inaweza kukataliwa akarudi kwenye mashine ya kusafisha damu.

Tatu, mimba iliyopangwa nayo ifuatiliwe kwa karibu, kwa sababu kifafa cha mimba na kuzaa kabla ya wakati hutokea zaidi kwa akina mama hawa.

Nne, sisi ndugu na majirani tuache kumwuliza kila Jumapili mtoto atakuja lini. Figo ile mara nyingi imetoka mwilini mwa ndugu yake. Mwaka mmoja wa kungoja ni wa kuitunza zawadi hiyo, na wa kumwandalia mtoto mahali salama.