Kifungo Kimeisha, Hatari Haijaisha

Mfungwa mwenye nidhamu, aliyekubali ushauri na matibabu, huachiwa mapema kwa parole, na afisa humfuatilia mpaka siku za kifungo chake zitimie. Mkaidi aliyezikataa programu zote hunyimwa parole. Anakaa ndani hadi siku ya mwisho, kisha anatoka langoni akiwa huru kabisa, bila mtu wa kuripoti kwake. Kwa hiyo anayetisha zaidi ndiye anayetoka bila mwangalizi, jambo ambalo wanaodai "wafungwe mpaka mwisho" hawapendi kulijadili.

Jimbo la Queensland, Australia, lilitunga sheria mwaka 2003 kuziba pengo hilo kwa wafungwa wa makosa ya kingono. Kifungo kinapobakiza miezi 6 au pungufu, Mwanasheria Mkuu wa jimbo anaweza kwenda mahakamani. Madaktari wawili wa magonjwa ya akili humchunguza mfungwa, na jaji hupima kama kuna hatari isiyovumilika kwamba atarudia kosa kubwa. Ikiwapo, ama ataendelea kushikiliwa, ama ataachiwa chini ya amri ya uangalizi.

Amri hiyo si nyepesi. Anaweza kutakiwa kuvaa kifaa cha kielektroniki mguuni, kutotoka nyumbani saa fulani, kutogusa pombe, na kumwarifu afisa kila anapohama au kubadilisha kazi. Tabu kubwa ni makazi, maana ni mwenye nyumba gani atampangisha? Wengi huanzia Wacol, pembeni mwa Brisbane, katika nyumba zilizo jirani na gereza.

Mwanzoni serikali ndiyo yenye mzigo wa kuthibitisha hatari. Sharti likivunjwa, mzigo unahama. Chupa moja ya bia, ambayo kwako wewe si kosa, inaweza kumfikisha tena mbele ya jaji, na safari hii ni yeye anayepaswa kuonyesha kwamba jamii itakuwa salama akibaki nje.

Wapinzani wanauliza: amekwisha kutumikia adhabu ya alichotenda, sasa anabanwa kwa kosa gani? Mwaka 1996 mahakama ya juu kabisa ya Australia ilibatilisha sheria kama hiyo ya jimbo la New South Wales, iliyomlenga mtu mmoja tu, Gregory Kable. Ile ya Queensland ilipona mwaka 2004, katika kesi ya Robert Fardon, kwa majaji 6 dhidi ya mmoja, Michael Kirby. Mwaka 2010 Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ikasema Fardon alinyimwa uhuru wake isivyo haki. Lakini kilicholaumiwa hapo ni kumweka gerezani baada ya kifungo, wala si kumwangalia akiwa nje, na mimi naiona tofauti hiyo kuwa kubwa.

Kenya nayo, katika kifungu cha 39 cha Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, inairuhusu mahakama kumtangaza mtu kuwa mkosaji hatari na kuamuru uangalizi wa muda mrefu. Ila huko amri hutolewa pamoja na hukumu. Mshtakiwa anajua mapema kinachomngoja, lakini hakimu anabaki kukisia mtu huyo atakuwaje miaka mingi baadaye. Mimi napendelea apimwe mwishoni, mradi awe na wakili na daktari wake mwenyewe, kwa kuwa ripoti za wale madaktari wawili ndizo zinazobeba kesi nzima.