Derthona: mvinyo wa zabibu iliyokaribia kutoweka

Ukiingia duka la mvinyo hapa Ulaya ukakuta chupa ya Kiitaliano imeandikwa Derthona, na bei yake inaipita ile ya Gavi, mvinyo mweupe mwingine wa Kiitaliano, iliyo jirani yake rafuni, una haki ya kuuliza sababu.

Derthona ni jina la kale, la enzi za Warumi, la mji wa Tortona ulioko kusini-mashariki mwa mkoa wa Piemonte. Mvinyo wenyewe ni mweupe na mkavu, na hutokana na Timorasso, zabibu ya asili ya vilima vinavyouzunguka mji huo.

Mzabibu huu unasumbua. Maua yake mengi hupukutika bila kushika tunda. Kishada kimoja hubeba punje zilizoiva na nyingine mbichi, na zilizoiva huanguka kirahisi kabla mchumaji hajafika. Kwa hiyo filoksera, mdudu anayeshambulia mizizi, alipoangamiza mizabibu ya Ulaya kuanzia nusu ya pili ya karne ya 19 na wakulima wakalazimika kupanda upya, wengi wa Tortona waliegemea Cortese, zabibu ya Gavi, ambayo huzaa kwa wingi na kwa uhakika. Siwalaumu, walikuwa na familia za kulisha. Lakini kufikia miaka ya 1980, Timorasso ilikuwa imebaki mistari michache tu mashambani.

Aliyeiokoa ni Walter Massa, mkulima wa kijiji cha Monleale. Mwaka 1987 aliamua kuitengenezea mvinyo wake peke yake, bila kuichanganya na zabibu nyingine. Akapata mvinyo mzito, wenye uchachu wa kutosha na harufu ya asali, ambao huzidi kunoga kadiri unavyokaa chupani. Mivinyo mingi myeupe ya Italia hunyweka ikiwa michanga. Huu hudumu miaka kumi na zaidi. Kwangu mimi, hilo pekee linatosha kulipia jasho la shambani.

Majirani walimfuata, na baadaye hata watengenezaji mashuhuri wa Barolo, mvinyo mwekundu wa Piemonte, wakiwemo Vietti, wakaja kutafuta ardhi kwenye vilima hivyo hivyo.

Ukiupata, usiupoze sana, maana baridi kali huua harufu yake. Na mfuko ukiruhusu, nunua chupa mbili: moja ya leo, ya pili uihifadhi gizani miaka mitano.