Mbao za Familia Eldoret
Pembezoni mwa Eldoret, kiwanda cha mbao cha familia hakiwezi kutegemea msitu wa serikali pekee, kwani mwaka 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji miti humo, na marufuku hiyo, iliyotangazwa kuwa ya siku 90, ikadumu miaka kadhaa. Wapasuaji mbao wadogo, ambao katika marufuku ya awali ya 1999 walishuhudia kampuni chache kubwa zikiruhusiwa kuendelea, waligeukia mikaratusi na saipresi za mashambani. Kigumu zaidi, pengine kuliko mtaji, ni subira: saipresi huchukua takriban miaka 25 hadi 30 kufikia unene wa kupasuliwa, na mbao mbichi hupangwa kivulini zikauke taratibu, vijiti vikitenganisha tabaka ili hewa ipite, la sivyo hupinda.